Nyumba Iliyozibwa Miguu

Wifi yangu Kabanyana anaamini kwamba mahali pasipomwagwa maji hapajasafishwa. Mopu ya Marekani anaiita kitambaa cha kumpangusia mgonjwa. Kila Jumamosi asubuhi, kabla wamama hawajafika nyumbani kwangu kwa maombi, alikuwa anasukuma viti vyangu vyote ukutani, anafunga kitenge kiunoni, anamwaga ndoo ya maji katikati ya sebule, kisha nyingine, kisha nyingine tena. Anasugua kwa ufagio mgumu, halafu anayasukuma maji kwa rakleti, ule mti wenye mpira, mpaka nje ya mlango. Maji yaliyofika mlangoni yalikuwa machache kuliko yaliyomwagwa. Yeye jambo hilo halikumsumbua. Mimi nililiona, kwa kuwa ni mtu wa kuangalia, na nikauliza.

"Wifi, hayo mengine yamekwenda wapi?"

"Yamekauka," alisema. "Maji ya huku iko na dawa ndani, inakauka mbio."

Na mtu aliyesema maneno hayo anasimama mstari wa mbele katika kwaya.

Nyumba yangu ni ya mbao, ya zamani, hapa Louisville, si mbali na Okolona ambako binti yangu Isaro anafanya kazi kwenye depo la mizigo. Haikukalishwa juu ya udongo kama nyumba za kwetu Mulenge, kule Kongo. Imesimamishwa juu ya ukuta mfupi wa matofali. Mbao za sakafu zimelala juu ya boriti, na chini ya boriti kuna uvungu ambao mtu anaweza kuingia akitambaa kwa tumbo. Kuzunguka ukuta ule mfupi, kila upande, kulikuwa na matundu yenye nyavu za chuma. Nasema kulikuwa.

Aliyeyaziba ni Gakunzi, mdogo wa marehemu mume wangu Ndahiro. Alikuja kwa matanga kutoka Reynoldsburg, kule Columbus. Ulikuwa mwezi wa kwanza, theluji nje, na wanaume walilala kwenye magodoro sebuleni kama inavyopasa nyumba yenye kilio. Asubuhi moja Gakunzi akaamka akisema mgongo wake umeshikwa na baridi inayotoka chini. Akatoka, akazunguka nyumba, akayaona matundu, akarudi na uso wa mtu aliyemkuta fisi zizini.

"Mama Isaro, nyumba yenu iko na mashimo kwa miguu," alisema. "Mzungu alijenga, akachoka, akaacha vile. Kwetu nyumba inakandikwa mpaka chini kabisa. Shimo kwa mguu wa nyumba ni mlango wa baridi na wa nyoka."

"Nyoka gani kwenye theluji hii, shemeji?"

"Bon, atakuja mwezi wa sita."

Akanunua sementi, akaokota vipande vya matofali nyuma ya nyumba, akayaziba matundu yote kabla matanga hayajaisha. Msemaji wa familia alipowashukuru watu, alisema Gakunzi ameivalisha viatu nyumba ya kaka yake. Watu wakasema amina. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye mkeka na kichwa kimefunikwa, na mjane kwenye mkeka hasemi habari za matofali.

Gakunzi huyu nilimbeba mgongoni. Nilipoolewa alikuwa mtoto wa kuchunga ndama, pua haikauki, na mimi bibi harusi ndiye niliyempangusa. Alipokua alijifunza kufunga tai, na tangu siku hiyo anadhani hakuna kilichobaki cha kujifunza.

Watu wa matanga walirudi kwao wote isipokuwa Kabanyana, dada yao. Alisema mjane haachwi peke yake, kwa hiyo ameacha maisha yake ya Buffalo kwa ajili yangu. Nilimshukuru Mungu kwa moyo wa namna hiyo, mpaka siku rafiki yangu wa kambi ya wakimbizi, Chimène, anayekaa East Side kule Buffalo, aliponipigia simu akicheka mpaka akakohoa. Kabanyana alikuwa amepanga ghorofa ya juu. Jumamosi moja, dari ya jikoni kwa mtu wa chini ilianguka ndani ya sufuria ya mchuzi wake. Mwenye nyumba akamwambia Kabanyana afungashe, na kaka yake akafa wakati huo huo anafungasha. Nililiweka moyoni. Mkristo hufunika aibu ya mwenzake. Niliifunika ya Kabanyana, naye akaendelea kuiongeza kwa ndoo.

Kiangazi kilipofika nyumba ilianza kunuka. Haikuwa harufu ya uchafu. Ilikuwa kama ngozi ya ndama iliyosahauliwa kibandani wakati wa mvua. Chumvi ikawa inatoka kwenye kopo kama ugali. Kurasa za Biblia yangu zikalegea. Koti la Ndahiro nililokuwa nimelitundika kabatini likaota manyoya ya kijani kwenye kola. Mbao za karibu na mlango zikanyanyua kingo zake, na ukikanyaga pale zinashuka kidogo chini ya unyayo, kama mgongo wa mnyama anayepumua.

Niliangalia. Harufu ilikuwa mbaya zaidi Jumapili na Jumatatu. Ikifika Ijumaa imepungua kidogo. Jumamosi Kabanyana anainua ndoo, na Jumapili tunaanza upya. Nikamwambia apunguze maji. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa apunguze kuomba.

"Donc nyumba inanuka," alisema, "na wewe unasema tuache kuosha?"

Akaongeza ndoo.

Kisha ikaja Jumamosi ambayo, katikati ya maombi, macho yakiwa yamefungwa, Kabanyana alisema ameonyeshwa. Chini ya nyumba hii kuna roho ya kaburi. Iliingia na kifo cha kaka yake, na haitatoka mpaka mjane atoke. Wamama wakaguna. Mmoja akainua kanga puani, kwa sababu ya roho au kwa sababu ya harufu, sijui. Mimi naomba tangu utoto wangu na najua roho zipo. Ila sijapata kusikia roho inayolowesha chumvi.

Jioni ile ile Gakunzi alipiga simu.

"Mama Isaro, nimesikia. Nitakuja na mafuta. Tutakaa kikao cha familia, tuone mwisho wa nyumba hii."

Nilijua mwisho aliokuwa ameshauona. Mke wake anahudumia wazee usiku, yeye yuko kiwandani mchana, na watoto wao bado ni wadogo. Nyumba yangu ingeuzwa, nami ningehamishiwa Reynoldsburg kama godoro, nilale na watoto na kuwaangalia, na watu wa kanisani kwao wamsifu Gakunzi kwa kumtunza mjane wa kaka yake. Nyumba hii ndiyo kitu pekee ambacho Ndahiro alikiacha chenye mlango ninaoweza kuufunga mwenyewe. Nikitoka humo, sitakuwa tena na mahali ambapo mtu anabisha hodi kabla ya kuingia kwangu.

Nilimweleza Isaro. Akanijibu kwa Kiingereza chake cha depo, bila kuinua macho kutoka kwenye sahani, nami nikaelewa: mbao zikioza, Mama, haziombewi, zinaangaliwa. Akasema kazini kwake kuna mtu aliye na kaka fundi.

Fundi huyo ni Karoli, Mrundi aliyekulia kambi za Tanzania. Kwa kujisifu anamshinda jogoo. Kwenye simu tu aliniambia kwamba Louisville nzima hakuna anayezijua nyumba za zamani kama yeye, na kwamba ameingia chini ya nyumba nyingi kuliko nyoka. Sikumpenda. Hata hivyo nilimwambia aje siku ya kikao, saa ambayo Gakunzi atakuwa ameshaketi. Jambo la nyumba akilisikia mwanamke peke yake linaitwa umbea.

Gakunzi alifika na tai, na chupa ya mafuta ya zeituni ambayo karatasi ya bei ilikuwa bado imegandishwa ubavuni. Akapaka miimo ya milango yote, hata ya bafu. Kabanyana, kwa heshima ya kaka yake, alikuwa ameosha asubuhi hiyo maradufu. Kisha Gakunzi akaketi kwenye kiti cha marehemu. Mguu mmoja wa kiti ukashuka, naye akainama upande kama mzigo uliofungwa vibaya. Akakisogeza kiti na kujifanya amekisogeza ili anione vizuri.

"Bon. Mama Isaro, tumekaa, tumeona. Nyumba hii imekataa. Tutaiuza vile iko. Wewe utakuja kwetu, utakuwa na kitanda pamoja na watoto, utakula kile tunakula."

"Mmekaa na nani, shemeji?"

"Mimi na familia."

"Familia ni wewe na Kabanyana kwenye simu?"

"Familia haihesabiwi vichwa."

"Na hao watoto, mkiwa kazini sasa hivi anawaangalia nani?"

Akaishika tai yake, akainyoosha.

"Ile ni baraka ya pembeni," alisema. "Watakupenda."

Karoli hakupiga hodi. Aliingia na taa kichwani kama mchimba dhahabu, akakanyaga mbao za mlangoni, akarudi nyuma, akakanyaga tena.

"Mama, hapa chini unafuga samaki?"

"Huyu ni nani?" Gakunzi aliuliza.

"Fundi," nikasema. "Nimemwita aangalie uvungu kabla hatujauza. Hata ng'ombe hauzwi bila kuangaliwa meno."

"Nyumba imeshaangaliwa kwa maombi," Kabanyana alisema.

"Basi na mimi nitaangalia kwa taa," Karoli alisema. "Mzee, karibu twende wote. Uone kwa macho yako, usije ukasema Mrundi amekudanganya."

Gakunzi alimtazama kutoka viatu mpaka taa.

"Mimi? Niingie chini mahali wanawake wanakanyaga? Mwanaume anapita chini ya miguu ya wanawake?"

"Basi baki juu. Ila naona kiti chako kimeshatangulia."

Isaro alitoa kicheko puani, akajifanya anapiga chafya. Karoli akazunguka nyuma, kwenye kile kimlango kidogo cha uvungu. Muda si muda tukamsikia chini yetu, anagonga boriti moja baada ya nyingine na kuongea peke yake. Sauti yake ilipita katikati ya mbao. Kabanyana alipandisha miguu yote miwili juu ya kiti. Aliyeonyeshwa roho ya kaburi aliogopa Mrundi mwenye taa.

Karoli alirudi na matope mpaka kifuani. Mkono mmoja alikuwa ameshika kipande cha mbao. Akakibonyeza kwa kidole gumba, kikameguka kama muhogo uliochemka. Mkono wa pili alikuwa na bonge la sementi.

"Nani aliziba matundu?"

Gakunzi alikuwa anasoma maandishi kwenye chupa ya mafuta.

"Nyumba hii ilijengwa ipumue kwa miguu," Karoli alisema. "Upepo unaingia upande huu, unatokea ule, unachukua unyevu wa ardhi unakwenda nao. Mtu ameiziba pua zote. Halafu huku juu mtu mwingine anainywesha. Maji yanapenya kwenye mbao, yanatua kwenye udongo, hayana pa kutokea, yanapanda tena kukaa kwenye boriti. Boriti za mlangoni zimekufa. Zilizobaki ni nzima, maana mbao za zamani ni ngumu, lakini zikikaa hivi kiangazi kingine mtasali mkiwa uvunguni. Matundu yafunguliwe leo. Mbao zilizooza zitolewe. Mimi nitatandika nailoni nzito juu ya udongo, na maji yasimwagwe humu tena, hata ya ubatizo."

Akatutazama mmoja mmoja, akingoja tumsifu.

"Huyu iko na wivu wa usafi," Kabanyana alisema. "Buffalo niliosha namna hii hii, na hakuna nyumba ilioza."

"Buffalo dari ya mtu iliangukia mchuzi wake, wifi."

Nilisema polepole, kama mtu anayeomba kijiko. Kabanyana alishusha miguu chini, kisha akakumbuka sakafu, akaipandisha tena. Gakunzi alimgeukia dada yake. Ilikuwa wazi kwamba habari ya dari hakuwahi kuambiwa. Nilidhani sasa angenyamaza kidogo, lakini mtu aliyefunga tai hawezi kunyamaza.

"Tuseme ni matundu," alisema. "Donc? Kwetu, kitu ambacho shemeji amejenga siku za matanga, mjane havunji. Ni kuvunja mkono wa marehemu. Ni desturi."

Desturi hiyo nilikuwa naisikia kwa mara ya kwanza, na mimi niliolewa ndani ya desturi zetu wakati yeye bado anabadilisha meno. Aliitunga pale pale, kwenye kiti kilichoinama, na sidhani hata alijua kwamba anatunga. Ndivyo wanaume wanavyopata desturi nyingi.

"Basi yavunje wewe, shemeji," nikamwambia. "Mkono ulioziba ni wako. Fundi ana nyundo. Ukifungua wewe, hakuna kilichovunjwa, na mbele ya wamama wa maombi nitasema shemeji yangu ameiponya nyumba ya kaka yake."

Nilikuwa nimemfungulia mlango mpana, na nilimaanisha. Angetoka nje na nyundo, angerudi shujaa, na mimi ningemwandalia chakula. Isaro alinikodolea macho, maana yeye hakutaka apewe hata hicho. Gakunzi alitazama nyundo, akatazama matope kifuani kwa Karoli, akatazama shati lake.

"Sikukuja Louisville kuwa fundi," alisema. Akasimama. "Sikiliza, Mama Isaro. Ukigusa ile sementi, jua hauna shemeji. Hauna familia ya Ndahiro. Siku utakufa, mimi sikanyagi hapa. Utazikwa na Warundi."

"Tunazika vizuri," Karoli alisema.

Maneno ya Gakunzi si madogo kwetu. Tumetawanyika kwenye miji ya baridi, na kitu kimoja ambacho bado tunapeana ni kuzikana. Watu wanaendesha gari kutoka Columbus na Buffalo wakitoka zamu, hawajalala, ili mtu asishushwe kaburini bila wa kwao. Kukataliwa hilo ni kuambiwa kwamba ulipita tu. Nilikaa nalo. Harufu ilikuwa pale pale kati yetu. Nikafikiri kuhusu Reynoldsburg. Nikajiona nimekaa kwenye ukingo wa kitanda cha mtoto, namsikiliza Gakunzi nje ya mlango akieleza wageni jinsi alivyoniokoa. Nikaona kwamba huko angenizika vizuri sana, na angeanza mapema.

"Nipe hiyo nyundo," nikamwambia Karoli.

"Mama, hiyo ni kazi ya fundi."

"Nipe."

Nikatoka. Tundu la kwanza liko upande wa barabara, chini ya dirisha la sebule. Nikapiga magoti kwenye majani, nikapiga. Sementi ya Gakunzi ilikuwa mbaya, mchanga mwingi, lakini matofali yalinichosha. Isaro akaja na nyundo nyingine ya Karoli, akaanza tundu la pili. Karoli alisimama juu yetu akitufundisha jinsi ya kushika nyundo, mpaka Isaro akamwambia kitu kwa Kiingereza, naye akaenda kupiga la tatu. Bonge lilipoingia ndani, pumzi ilitoka pale, baridi na nzito, yenye ile harufu ya ngozi. Nikageuza uso. Gakunzi alikuwa kwenye gari lake, anapiga honi kumwita dada yake, na pumzi ile ilikwenda upande wake.

Kabanyana alipita na masanduku. Kwangu hakuaga. Alimwambia Isaro kwamba mama yake amemfukuza ndugu wa marehemu, na Isaro akaniletea maneno hayo kama yalivyo. Nikasema ni kweli, wifi hakudanganya hapo. Pale mwanzo tu angeweza kuambiwa kwa upole kwamba aondoke. Sikusema kwa sababu niliogopa watu wangesema nini. Sasa wanasema, na mimi nalala vizuri.

Karoli ameshatoa mbao zilizooza. Kutoka mlango wa mbele mpaka katikati ya sebule hakuna sakafu, unaona boriti na udongo uliofunikwa nailoni. Upepo unapita chini. Chumvi inamwagika tena ukiinamisha kopo. Karoli anawaambia watu wote wa kanisa lake kwamba ameiokoa nyumba ya mjane wa Kikongo, na kila akisimulia boriti zilizokufa zinaongezeka. Simjibu. Amefanya kazi yake, na jogoo hawezi kukatazwa kuwika.

Wamama wawili wa maombi wameacha kuja. Wanaomba kwenye simu na Kabanyana, ambaye sasa anakaa Reynoldsburg, katika chumba cha watoto. Anawaangalia, nasikia, na kuosha sakafu. Nyumba yao ni ya kupanga, iko ghorofa ya pili. Namwombea mtu wa ghorofa ya kwanza.

Gakunzi amewatangazia watu Columbus kwamba siku nitakayokufa hatakuja. Nampelekea salamu kwa kila anayekwenda huko. Kila asubuhi naomba Mungu ampe maisha marefu, yapite yangu, ili apate nafasi ya kutokuja.

Kiangazi kimekwisha. Wanaokuja Jumamosi wapitie mlango wa jikoni. Waje na soksi nzito. Sakafu ina baridi kweli, hapo Gakunzi hakukosea.